Uso wa asili usitupeleke kwenye mkorogo

Fungua albamu ya harusi ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ya dada yako, ya shangazi, ya jirani yeyote aliyeolewa Dar es Salaam au Nairobi enzi hizo, utamkuta bibi harusi mwenye rangi tatu. Uso una rangi yake, shingo ina yake, na mikono iliyoshika maua ina ya tatu. Nyusi zimenyolewa zikachorwa upya kwa penseli nyeusi. Midomo imezungushiwa mstari uliokolea kuliko rangi iliyopakwa ndani. Ndugu waliomsubiri ukumbini walimpigia vigelegele, na hawakukosea, maana hivyo ndivyo kupambwa kulivyoeleweka: aliyepambwa lazima aonekane kapambwa, la sivyo watu watauliza fedha ya mpambaji ilikwenda wapi.

Binti wa leo anaingia saluni na simu mkononi. Anafungua picha, anamwonyesha mpambaji, na ombi lake ni kinyume kabisa cha lile la shangazi yake: "Dada, nataka ya asili tu. Nisionekane nimepaka." Foundesheni iwe nyepesi kiasi cha kuacha alama ndogo za uso zionekane. Nyusi zichanwe, zisichorwe. Rangi ya mdomo ifanane na mdomo wenyewe. Kope za bandia, kama zipo, ziwe fupi. Mashavu yang'ae kidogo, basi. Mtindo huu umetoka kwa mabibi harusi ukaingia maofisini, ukaingia studio za televisheni, ukawashika na wasichana wa vyuo ambao dada zao walikuwa hawatoki hosteli bila kuchonga nyusi.

Nayapenda mabadiliko haya, na ninayaandikia kwa sababu nayapenda. Mwanamke mweusi kujitazama kwenye kioo cha saluni na kukuta rangi yake bado ipo ni jambo ambalo kizazi cha mama zetu hakikupewa. Lakini mtindo huu una njia panda, na naona wengi wetu tunashika njia mbaya bila kujua. Foundesheni nzito ilikuwa na kazi yake. Ilificha chunusi, ilificha madoa, ilimpa mtu rangi aliyoitaka kuanzia kanisani mpaka ukumbini, kisha usiku ikaoshwa kwa sabuni na maji. Tukiiondoa, kazi ile haiondoki nayo. Inahamia kwenye ngozi yenyewe. Sasa ngozi ndiyo inayotakiwa iwe laini, ya rangi moja, isiyo na doa, na ing'ae. Msichana ambaye ngozi yake haiko hivyo, na za wengi wetu haziko hivyo, hatakimbilia poda tena. Atakimbilia mkorogo.

Kwanza tuwatendee haki wapambaji wa zamani. Rangi tatu za yule bibi harusi hazikutokana na ujinga wao. Zilitoka dukani. Foundesheni zilizofika kwenye maduka ya vipodozi ya Kariakoo zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya nyuso nyingine, na ile iliyoandikwa kuwa nyeusi kuliko zote mara nyingi ilikuwa kahawia hafifu. Ngozi yetu si kahawia tupu. Chini yake kuna wekundu, au umanjano, au weusi unaoelekea bluu, na watu wawili wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Viwanda hutia kwenye foundesheni unga mweupe wa titani dioksaidi ili ifunike vizuri. Unga huo ukizidi, na chembe za rangi zikipungua, foundesheni hiyo ikikaa kwenye uso mweusi hugeuka kijivu. Tulizoea kusema mtu "kapauka". Kilichopauka si yeye, ni kile alichopakwa.

Jambo hili liliwapata hata waliofika mbali. Iman, mwanamitindo Msomali, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi mpiga picha Peter Beard alipomwona mwaka 1975. Alipofika New York na kuanza kazi, mpambaji alimuuliza kama amekuja na foundesheni yake mwenyewe, kisha akampaka alichokuwa nacho, kikamwacha kijivu. Iman amelisimulia tukio hilo mara nyingi. Akaanza kujichanganyia rangi zake, na mwaka 1994 akaanzisha kampuni ya vipodozi yenye jina lake. Ikapita miaka zaidi ya ishirini tena kabla Rihanna hajatoa foundesheni za Fenty Beauty, Septemba 2017, rangi 40 kwa mkupuo. Hapo ndipo kampuni kubwa, ambazo kwa miaka zilikuwa haziwaoni wateja weusi, zikakimbilia kuongeza rangi zao. Huko Kenya, Suzie Wokabi alikuwa amekwisha kuanzisha SuzieBeauty miaka kadhaa kabla ya hapo, akiwaza nyuso za hapa. Fenty yenyewe ilipotangaza Mei 2022 kuingia rasmi Afrika ilitaja nchi nane. Kenya ilikuwamo, Tanzania haikuwamo.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu mekapu nyepesi haikuwezekana kabla ya rangi hizi kuwapo. Huwezi kupaka kidogo ikiwa ulichonacho hakifanani nawe. Kisipofanana, njia pekee ni kupaka kingi, ukifunika uso mzima hadi kisibaki hata kidole cha ngozi cha kulinganisha nacho. Kamera nayo iliongeza tatizo. Poda zenye silika, na vipodozi vyenye kinga ya jua ya zinki au titani, hurudisha mwanga wa fleshi kwenye lenzi, ndiyo maana bibi harusi aliyependeza mbele ya macho ya wageni alikuja kuonekana kwenye picha kama aliyemwagiwa unga. Wapambaji wazuri wa siku hizi humpiga mteja picha moja kwa fleshi ya simu kabla hajatoka kwenye kiti. Ni jambo la sekunde chache, na lingeokoa albamu nyingi.

Nimewahi kukaa asubuhi katika saluni moja ya Sinza nikimtazama mpambaji akifanya kazi hii ambayo watu hudhani ni ya kupaka kidogo na kwenda. Alianza kwa kuchora mistari mitatu ya foundesheni tofauti kwenye taya la binti aliyekuwa bibi harusi siku hiyo, kutoka shavuni kushuka shingoni. Hakuamua pale pale. Alimshika mkono, akampeleka mlangoni kwenye mwanga wa jua, kwa kuwa taa za saluni zinadanganya. Wakasubiri, kwa sababu foundesheni hubadilika ikikutana na mafuta ya ngozi, na rangi iliyofaa mwanzoni huweza kukolea baada ya dakika kumi. Mistari miwili ikabaki inaonekana, wa tatu karibu upotee. Akauchanganya na tone la rangi nyingine iliyoiva zaidi nyuma ya kiganja chake, akajaribu tena. Kisha akalowanisha sponji, akalikamua, akaanza kugonga gonga taratibu katikati ya uso tu, puani na chini ya macho, akiacha paji na pembeni jinsi Mungu alivyoviumba. Madoa mawili ya chunusi shavuni akayagusa kwa brashi ndogo ya konsila, moja moja. Jasho la Dar es Salaam lilikuwa limeanza kutoka, na kila lilipotoka alilikandamiza kwa karatasi laini badala ya kulifuta.

Mama wa bibi harusi aliingia mpambaji akifunga mikoba yake. Akamtazama mwanawe. "Mbona bado hamjaanza?"

"Shikamoo mama. Tumeshamaliza," mpambaji akajibu.

Mama yule hakuridhika, na namwelewa. Kwake uso usioonyesha kazi ni uso usiofanyiwa kazi, na siku ya mwanawe haikuwa siku ya kubana. Mpambaji hakubishana naye. Akaongeza rangi ya mdomo kidogo, iliyokolea zaidi, na mama akatikisa kichwa kukubali. Nililoliona mimi pale ni kwamba uso na shingo ya binti vilikuwa vya mtu mmoja. Sina kipimo kingine cha mekapu ya asili zaidi ya hicho. Ukiweza kushuka kwa jicho kutoka shavuni hadi kifuani bila kukutana na mpaka, umeifanya.

Sasa tutazame upande wa pili, ule unaonipa hofu.

Huko ulikotokea, mtindo huu ulikuja na maneno mazuri ya ukombozi. Mwaka 2016 mwanamuziki Alicia Keys aliandika kwamba hataki tena kujificha, akaanza kupanda majukwaani na kupita mbele ya kamera bila mekapu. Septemba 2023 mwigizaji Pamela Anderson, akiwa na miaka 56, alihudhuria maonyesho ya mitindo ya Paris uso mtupu, na dunia ikampongeza kwa ujasiri. Nawaheshimu wote wawili. Lakini fuata fedha uone ilikwenda wapi. Mwishoni mwa 2020 Alicia Keys alizindua bidhaa za kutunza ngozi, Keys Soulcare. Simlaumu, ila hapo ndipo biashara nzima ilipohamia. Ulichokuwa ukikinunua kwenye kopo la foundesheni sasa unauziwa kwenye chupa za seramu, tona, krimu ya usiku, krimu ya macho, maji ya wali, maski ya karatasi. Wakorea wanataka ngozi ing'ae kama kioo, na neno hilo limefika mpaka Mwenge. Uso "usio na kitu" unaotazamwa mtandaoni una mafuta, matibabu na taa nyuma yake, na mara nyingi una kipato ambacho karani wa Buguruni hana.

Kuna jambo katika hili linaloniuma na kunifurahisha kwa pamoja. Huo mng'ao unaouzwa leo kama anasa, mama zetu walitupatia bure. Kila mtoto aliyesoma shule ya msingi hapa kwetu anakumbuka mafuta ya mgando asubuhi: kidole kinazama koponi, viganja vinasuguliwa, kisha uso, magoti na viwiko vinapakwa hadi ving'ae, ukatoka nyumbani ukiwa umemeremeta. Tulipokua tukaambiwa ni ushamba, tukaanza kujipaka poda kuukausha. Sasa picha zinatoka Los Angeles na Seoul za wanawake waliojipaka mafuta hayo hayo usoni kabla ya kulala, na binti zetu wanauliza yanauzwa wapi. Yapo kabatini kwa bibi.

Lakini mafuta ya mgando hayabadilishi rangi, na rangi ndiyo inayotafutwa na wengi. Hapo ndipo mkorogo unapoingia. Kwa wasiojua, mkorogo ni mchanganyiko unaokorogwa na muuzaji, au na mteja mwenyewe, kutoka kwenye mirija na makopo kadhaa. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni, zebaki, na steroidi kali kama klobetasoli ambazo daktari wa ngozi huziandika kwa tahadhari, kwa muda mfupi, kwa ugonjwa unaojulikana. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza melanini, na ikipenya mwilini huharibu figo. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ikajaa michirizi na vinyweleo, na jeraha likipatikana linachelewa kupona. Ukizikatisha ghafla, ngozi huwaka na kuvimba, kwa hiyo mtumiaji hurudi tena dukani. Na haidrokwinoni ikitumika kwa miaka huleta kwa baadhi ya watu kinyume cha kilichotafutwa: mabaka meusi yenye ubluu mashavuni yasiyofutika. Mnayafahamu. Mmeyaona kwa akina mama sokoni, na vifundo vya vidole vilivyokataa kubadilika na sehemu nyingine zote.

Linganisha sasa. Shangazi wa kwenye albamu alibadilisha rangi yake kwa siku moja, akaosha, akaamka akiwa yeye. Mpwa wake anayetaka kuonekana hajapaka kitu anabadilisha rangi yake kwa miezi sita kabla ya harusi, ili siku hiyo mpambaji asiwe na haja ya kupaka kingi. Nani kati yao ni wa asili? Kwangu jibu ni shangazi, na foundesheni yake ya kijivu.

Serikali zetu zinalijua tatizo. Shirika la Viwango la Kenya lilitangaza tangu mwaka 2001 vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni kuwa haramu. Rwanda iliingia madukani kwa nguvu kuanzia mwishoni mwa 2018. Tanzania ilikuwa imeshavipiga marufuku, na mwaka 2019 ilihamisha usimamizi wa vipodozi kutoka iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, kwenda Shirika la Viwango, TBS. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata zilipokutana Geneva mwishoni mwa 2023 zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vilivyotiwa zebaki visitengenezwe wala visiuzwe, hata kile kiasi kidogo cha miligramu moja kwa kilo kilichokuwa kikivumiliwa kiondolewe. Ni hatua nzuri. Hata hivyo kikopo kisicho na lebo hakipiti bandarini kikiwa kikopo. Kinakorogwa nyuma ya pazia la duka.

Wala sitaki tudhani kwamba amri peke yake itatuponya. Tumewahi kujaribu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita mavazi na mapambo yaliyoitwa ya kigeni: sketi fupi, mawigi, suruali za kubana, na krimu za kujichubua kama Ambi, ambazo matangazo yake yalikuwa yakijaa magazetini. Marufuku ilipangwa kuanza Januari 1969. Vijana hawakungoja tarehe. Wanawake walivamiwa kituo cha mabasi cha Kariakoo, wakadhalilishwa mbele ya watu. Krimu zile zilikuwa mbaya kweli, na waliosema hivyo walikuwa na hoja. Lakini aliyechaniwa nguo kituoni hakujifunza kupenda rangi yake siku ile. Alijifunza kwamba mwili wake ni mali ya kila mwenye sauti kubwa.

Naikumbusha historia hiyo kwa sababu neno "asili" likitamkwa na wanaume lina historia hiyo nyuma yake. Utawasikia vijiweni na redioni wakisema wanapenda mwanamke wa asili, asiyejipaka. Halafu msikilize mmoja wao akimsifia mtu: "mweupe", "maji ya kunde", "rangi ya chungwa". Hajasema jipake mkorogo. Amesema tu usijipake poda, na kisha akasema ni rangi gani anayoipenda. Msichana mwenye akili anaziunganisha sentensi mbili hizo mwenyewe. Ndugu zangu wanaume, mkisema mnapenda asili, basi ipendeni ya wote, na mseme hivyo mbele ya binti zenu wenye weusi wa kina mama zenu.

Mwigizaji Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, alisimama mbele ya watu Februari 2014 akasimulia kwamba alipokuwa mtoto alimwomba Mungu aamke akiwa na ngozi nyeupe, na kila asubuhi alikimbilia kioo kutazama. Mwaka huo huo akawa balozi wa kampuni ya vipodozi ya Lancôme. Baadaye akakiandikia kisa hicho kitabu cha watoto, *Sulwe*. Mtoto aliyekuwa akiomba vile hakuwa anajipaka chochote. Alikuwa wa asili kabisa, na hakuwa na raha. Mekapu nyingi au kidogo haikuwa na neno lolote la kumwambia. Alichohitaji ni kuona uso kama wake ukiitwa mzuri. Kwa hiyo mtindo huu mpya ninaupima kwa picha tunazoziweka mbele ya watoto wa aina hiyo. Pitia kurasa za wapambaji wetu mashuhuri mtandaoni. Picha za mekapu ya asili zimejaa. Hesabu wangapi kati ya hao waliopambwa ni weusi wa Sumbawanga, wa Kisumu, wa Gulu.

Simu nazo zina sehemu yao. Simu nyingi zilizojaa mikononi mwetu huja na programu ya urembo iliyowashwa tayari, inayolainisha uso na kuutakasa rangi kabla hujabonyeza. Nakiri kuna maendeleo: kampuni inayotengeneza Tecno ilipata soko Afrika kwa sehemu kwa kurekebisha kamera zake ziweze kuona nyuso nyeusi, wakati simu nyingine zilikuwa zinatutoa macho na meno tu. Lakini kuuona uso mweusi na kuuacha uwe mweusi ni mambo mawili. Msichana anayejipiga picha "bila mekapu" kila siku kwa programu hiyo anazoea uso ambao hana, na kioo cha bafuni kinaanza kumwonyesha kasoro zisizokuwapo. Zima hiyo programu. Ipo kwenye mipangilio ya kamera, na kuizima ni mara moja.

Wapo watakaosema turudi tu kwenye mila za pwani. Nazipenda mila hizo. Mwali wa Zanzibar, Lamu au Mombasa alikuwa akiwekwa ndani, somo wake akimsugua kwa singo ya asumini, mlangilangi, mawaridi na liwa, hadi ngozi ikawa laini na yenye harufu isiyotoka kwa siku kadhaa. Alipotoka alikuwa na hina mikononi na wanja machoni, na huo ndio uliokuwa upambaji wake mkubwa. Kuna hekima nyingi mle: ngozi kuguswa kwa mikono ya mtu anayekupenda, kwa siku nyingi, bila haraka. Ila tusiseme uongo. Manjano na liwa vilipakwa pia kwa kusudi la kumng'arisha mwali, na waliomtazama walimsifu kwa kuwa "ametakata". Hamu ya weupe haikuletwa yote na meli za Ulaya. Tofauti ni kwamba manjano hayaui figo.

Kuna kitu kimoja cha kisasa ambacho ningependa kiingie kwenye kila begi la mapambo, nacho ni kinga ya jua. Tumezoea kuamini ngozi nyeusi haiihitaji. Kweli melanini yetu inatukinga na mengi, lakini yale madoa ya chunusi yanayowakimbiza wasichana kwenye mkorogo hukolezwa na jua, na kuyakinga kungeyapa nafasi ya kufifia yenyewe. Kwa ndugu zetu wenye ualbino kinga hiyo ni uhai. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha kanda, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Kituo hicho hicho ndicho kinachofundisha wataalamu wa ngozi wanaosambaa Afrika Mashariki na kusini. Ni wachache mno. Msichana wa Mbagala mwenye chunusi sugu hukutana na muuza vipodozi mara mia kabla hajamwona mtaalamu hata mmoja, na muuza vipodozi ana jibu tayari mkononi. Kama wizara zetu zinataka kweli kupambana na mkorogo, zimweke mtu mwenye ujuzi wa ngozi kwenye kituo cha afya cha wilaya, kwa bei ya kawaida, kisha ndipo zifunge duka.

Wapambaji nanyi nina ombi kwenu, maana mmeshika mikononi mwenu zaidi ya sponji. Wengi wenu mnafanya kazi nzuri kama yule wa Sinza. Lakini baadhi ya saluni sasa zinauza kile kinachoitwa maandalizi ya bibi harusi: mteja anaanza kuhudhuria miezi mitatu au minne kabla, anasuguliwa, anapakwa krimu za kupeleka nyumbani, na kinachoahidiwa ni "kung'aa". Ukiuliza ndani kuna nini, unaambiwa ni siri ya saluni. Siri haipakwi kwenye ngozi ya mtoto wa mtu.

Kwa hiyo nyinyi wazazi na wanakamati, mnaoketi Jumapili jioni na daftari la michango, msiache kifungu cha urembo kipite kwa kutaja bei peke yake. Kabla ya kutoa kianzio mwiteni mpambaji, au mpigieni simu mkiwa wote. Muulizeni ana foundesheni ngapi zinazofanana na ngozi ya huyu binti wetu, na aje azijaribu kwenye shingo yake kwenye mwanga wa jua wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Muulizeni kama kuna krimu yoyote aliyompa au anayotaka kumpa. Akisema ipo, ailete kwenye kikopo chake cha kiwandani, chenye orodha ya viambato na alama ya TBS. Akileta chupa isiyo na lebo, mlipeni nauli yake na mtafute mpambaji mwingine.